Kabla ya Kumfungashia Kocha Virago

Hotuba kwa wazazi na wanafunzi wanaozungumza Kiswahili katika jimbo la Iowa, Marekani. Imeandikwa kwa ajili ya wasomaji.

Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, vijana wetu mnaosoma vyuoni, itifaki imezingatiwa. Asanteni kwa kuniita.

Swali mlilonipa ni hili: timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani ikianza kusuasua, na kocha wake amekaa pale miaka kumi na tano, ishirini au zaidi, je, atimuliwe? Msimamo wangu nautoa sasa hivi, ili anayetaka kunipinga aanze kujiandaa. Kufungwa peke yake hakutoshi kumwondoa kocha wa miaka mingi. Kinachotosha ni kutoambilika. Kocha anayesikia, anayekubali kukosolewa na kubadilika, avumiliwe hata kama matokeo yanatia uchungu. Kocha asiyeambilika aondoke, hata kama anashinda.

Wengi wetu tumelelewa na soka. Tumezoea kusikia kibarua cha kocha kimeota nyasi baada ya mechi chache. Simba au Yanga ikipoteza pointi wiki mbili mfululizo, benchi la ufundi halilali. Futiboli ya vyuo vya hapa ina tabia nyingine, na mzazi asipoielewa hatajua mtoto wake ameingia wapi. Msimu wa kawaida una mechi 12 tu, kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwisho wa Novemba, mechi moja kwa wiki. Ukifungwa tatu, robo ya mwaka imekwenda. Wachezaji ni vijana wa miaka 18 hadi 22 au 23. Hawanunuliwi sokoni kama Ulaya, wanafuatwa nyumbani kwa wazazi wao wakiwa bado sekondari, na anayewafuata ni kocha. Na katika majimbo mengi ya nchi hii mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote ni kocha wa futiboli au wa mpira wa kikapu wa chuo cha serikali. Anamzidi gavana. Kwa hiyo ukisema atimuliwe, unagusa hela ya umma, na unagusa watoto wa watu walioondoka kwao kwa kumwamini mtu huyo.

Nianze na majirani zetu wa Nebraska, ng'ambo ya Mto Missouri. Sijui jimbo jingine lenye darasa zuri zaidi kuhusu jambo hili, maana wao wameonja uvumilivu na wameonja haraka, na matunda ya vyote viwili yanaonekana kwa macho.

Tom Osborne alikabidhiwa timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska mwaka 1973. Alimrithi Bob Devaney, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa taifa misimu ya 1970 na 1971. Kumrithi mtu wa namna hiyo ni mzigo. Mpinzani mkubwa wa Nebraska wakati huo alikuwa Oklahoma, na Osborne alifungwa na Oklahoma miaka mitano ya mwanzo, yote mitano. Alishinda kwa mara ya kwanza mwaka 1978, pointi 17 kwa 14. Baada ya msimu huo Chuo cha Colorado kilikuja kumbembeleza, na nusura aende.

Kuna usiku mmoja ambao watu wa Nebraska wa umri fulani wanausimulia kama msiba wa familia. Ni Januari 2, 1984, mjini Miami, dhidi ya Chuo Kikuu cha Miami, katika Orange Bowl, moja ya mechi kubwa za mwisho wa msimu ziitwazo Bowl. Osborne hajafungwa msimu mzima. Zimebaki sekunde chini ya 60, timu yake inapata pointi 6, ubao unasoma Miami 31, Nebraska 30. Mpira mmoja tu wa kupiga kwa mguu ungeleta sare, na kwa hesabu za wengi sare ingetosha kuwapa ubingwa wa taifa. Osborne akakataa sare. Akaagiza mchezo wa pointi mbili, kushinda au kushindwa. Pasi ikaguswa na mkono wa mlinzi wa Miami, ikaanguka. Wakarudi nyumbani bila kitu. Hadi leo wapo wanaomlaumu, mimi simo. Kocha aliyewafundisha vijana kucheza ili washinde hawezi kuwaambia wasubiri sare katika dakika ya mwisho.

Hapo hajatwaa ubingwa, na hatautwaa kwa miaka mingine kumi. Baadaye ikaja mikosi ya mechi za mwisho wa msimu: kuanzia Januari 1988 hadi Januari 1994 alipoteza mechi saba za Bowl mfululizo. Mtaniambia kwamba Osborne hakuwahi kushinda chini ya mechi 9 msimu wowote, kwa hiyo hiyo si timu inayosuasua. Ni kweli. Lakini kusuasua hupimwa kwa matarajio ya wenye timu, na matarajio ya Lincoln, mji wa chuo hicho, yalikuwa ubingwa. Watu walikuwa wamechoka, na maneno yalikuwepo: mtu mwema, mcha Mungu, ila mechi kubwa zinamshinda.

Sasa tazameni alichofanya mtu huyo, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo. Hakusema "mimi ndiye Osborne, nimeshinda mechi ngapi, mnaniambia nini". Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliubadilisha mfumo wake wa ulinzi, akaanza kutafuta vijana wenye kasi hata kama ni wembamba, akawafuata mbali, Florida, Texas na California. Na alianzisha baraza la wachezaji. Wachezaji walichaguana wenyewe, wakakaa bila makocha, wakajadili kero za timu na nidhamu, kisha wakazipeleka kwa kocha. Mtu aliyekaa kwenye kiti karibu miaka 20 anawaambia vijana wa miaka 20: niambieni kinachowasumbua. Matokeo mnayajua. Ubingwa wa msimu wa 1994, ukiwa msimu wake wa 22. Ubingwa wa 1995. Ubingwa wa 1997. Katika misimu yake mitano ya mwisho alishinda mechi 60 na kupoteza 3. Kisha akaondoka kwa hiari yake.

Kama Nebraska wangemtimua mwaka 1991, wangekuwa na sababu zote za kufanya hivyo mezani. Wasingejua wamepoteza nini.

Aliyemfuata ni Frank Solich. Huyu alikuwa mtoto wa nyumbani, alichezea chuo hicho chini ya Devaney, akawa msaidizi wa Osborne kuanzia 1979. Msimu wa 2001 aliifikisha timu kwenye mechi ya ubingwa wa taifa, wakafungwa na Miami. Msimu wa 2002 mambo yakaharibika: walishinda 7, wakapoteza 7. Kwa Nebraska hiyo ni aibu. Solich akaambiwa, na akasikia. Alibadilisha wasaidizi wake, jambo gumu mno kwa mtu aliyefanya nao kazi miaka mingi, akamleta Bo Pelini kuongoza ulinzi. Msimu wa 2003 timu ikashinda mechi 9 na kupoteza 3. Ijumaa ya mwisho wa Novemba waliifunga Colorado ugenini. Siku iliyofuata mkurugenzi wa michezo, Steve Pederson, akamfuta kazi. Alieleza kwamba hataiacha timu iteleze hadi kuwa ya kawaida.

Huyu ni kocha aliyeambilika. Alirekebisha alichoambiwa arekebishe, na dawa ilikuwa imeanza kufanya kazi. Mwaka uliofuata, chini ya kocha mpya Bill Callahan, Nebraska walishinda 5 na kupoteza 6, msimu wao wa kwanza wa hasara tangu 1961, na mfululizo wao wa miaka 35 ya kucheza mechi za Bowl ukakatika. Oktoba 2007 Pederson mwenyewe akafutwa kazi. Osborne akaitwa kuokoa jahazi kama mkurugenzi wa michezo, akamwondoa Callahan. Akaja Pelini, misimu saba, hakuna hata mmoja alioshinda chini ya mechi 9. Akatimuliwa 2014. Akaja Mike Riley, misimu mitatu. Akaja Scott Frost, kijana wao aliyecheza kwenye timu ya ubingwa ya 1997, akapoteza mechi 31 na kushinda 16. Septemba 2022 walimwondoa siku moja tu baada ya kufungwa nyumbani na Georgia Southern, na wakamlipa takriban dola milioni 15 wakati wangesubiri hadi Oktoba mosi tu fidia hiyo ingepungua kwa karibu nusu. Kocha wa sasa, Matt Rhule, aliwarudisha kwenye mechi ya Bowl mwaka 2024. Hawakuwa wameionja tangu 2016.

Na Solich? Alikwenda Chuo Kikuu cha Ohio, chuo ambacho wengi wenu hamjawahi kuangalia mechi yake, akakaa misimu 16, akawa kocha mwenye ushindi mwingi kuliko wote katika historia ya ligi yao ya Mid-American. Aprili 2023, karibu miaka 20 baada ya kufukuzwa, Nebraska walimkaribisha tena uwanjani na kumpa heshima yake hadharani. Nawapongeza kwa hilo. Kurudi kwa mtu uliyemkosea si jambo dogo, na taasisi nyingi haziwezi.

Tuje nyumbani. Tangu 1979 Chuo Kikuu cha Iowa kimekuwa na makocha wakuu wawili tu: Hayden Fry hadi 1998, na Kirk Ferentz kuanzia 1999 mpaka leo. Ferentz alianza vibaya kupita kiasi. Msimu wa kwanza alishinda mechi 1 na kupoteza 10. Wa pili, 3 kwa 9. Katika vyuo vya leo angekuwa ameshafungashiwa virago. Wakamwacha. Wa tatu, 7 kwa 5. Wa nne, 11 kwa 2. Mwaka 2012 akateleza tena hadi 4 kwa 8, na mwisho wa 2014 maneno ya kumtaka aondoke yalikuwa kila kona ya jimbo hili. Aliporudi 2015 alikuwa amehamishia mazoezi asubuhi, amebadilisha mchezaji anayeongoza mashambulizi, na anathubutu michezo ya hila ambayo zamani asingeigusa. Walishinda mechi zote 12 za msimu wa kawaida. Septemba 2025 akawa kocha mwenye ushindi mwingi kuliko yeyote katika historia ya ligi ya Big Ten.

Ningeishia hapo, hotuba ingekuwa tamu na isingekuwa ya kweli. Uvumilivu wa Iowa umekuwa na gharama, na gharama hiyo wameilipa zaidi vijana wenye ngozi kama yetu.

Juni 2020, baada ya kifo cha George Floyd, wachezaji wengi weusi waliowahi kupita timu hii walijitokeza hadharani kueleza jinsi walivyotendewa: kudhihakiwa kwa namna wanavyozungumza na kuvaa, kushurutishwa kufanana na mtu mmoja aliyechorwa na wakubwa. Malalamiko mengi yalimlenga kocha wa mazoezi ya viungo, Chris Doyle, aliyekuwa na Ferentz tangu mwaka wa kwanza. Doyle alikana kuvuka mpaka wa haki kwa sababu ya rangi ya mtu, lakini aliondoka mwezi huo huo kwa makubaliano ya kulipwa dola milioni 1.1. Uchunguzi wa mawakili wa nje ulisema kanuni za timu zililea upendeleo wa rangi. Mwaka 2023 kesi ya waliokuwa wachezaji ilimalizwa kwa zaidi ya dola milioni 4.

Wale vijana hawakuwa wameanza kuona hayo mwaka 2020. Waliyameza kwa miaka. Kwa nini hawakusema? Kwa sababu mtu akikaa sana kwenye kiti, wanaomzunguka huanza kuchuja habari kabla hazijamfikia. Ferentz mwenyewe alisema alikuwa na eneo asiloliona. Namwamini. Lakini kutoona kwa mtu mwenye madaraka makubwa kiasi hicho ni kosa la kiutawala, linahitaji kupangiwa dawa, halitibiwi kwa kuomba radhi tu. Kwa haki niseme pia kwamba alisikiliza, akaondoa marufuku ya wachezaji kuandika Twitter, akaunda kundi la ushauri la waliokuwa wachezaji, na timu haikusambaratika.

Halafu kuna suala la mwanawe. Brian Ferentz alikuwa mratibu wa mashambulizi chini ya baba yake. Kwa kuwa kanuni haziruhusu baba amsimamie mtoto, kwenye karatasi alisimamiwa na mkurugenzi wa michezo. Mashambulizi yakawa ya mwisho au karibu na mwisho nchini. Mwaka 2023 chuo kikampunguzia mshahara na kuandika kwenye mkataba wake sharti ambalo sijawahi kuona mahali pengine: timu ifikishe wastani wa pointi 25 kwa mechi na ishinde angalau mechi 7, la sivyo mkataba unakufa. Mashabiki wakaanza kuhesabu. Kila Jumamosi watu walikuwa wanajumlisha na kugawanya, wanajumlisha na kugawanya. Mwisho wa Oktoba timu ina ushindi 6 na vipigo 2, lakini wastani uko mbali kabisa na 25. Beth Goetz, aliyekuwa akikaimu ukurugenzi wa michezo, akatangaza kwamba Brian hatarudi msimu ujao.

Fikirieni hali ya chumba kile. Mama mwenye cheo cha kukaimu tu anamwambia kocha wa miaka 25, mwenye jina kuliko chuo chenyewe, kwamba mwanao ataondoka. Na timu bado inawania uongozi wa kundi lake. Kocha hakufurahi, na hakuficha. Lakini alikubali, akamaliza msimu, akaajiri mratibu mwingine, na pointi zikaongezeka mwaka uliofuata. Kwangu mimi ile ndiyo siku Iowa ilipopata haki ya kuendelea na Ferentz. Ilithibitika kwamba bado yupo mtu wa kumwambia hapana, na kwamba akiambiwa anasikia.

Penn State, chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania, hawakuwa na mtu huyo.

Joe Paterno alikuwa kocha mkuu pale kuanzia 1966. Kati ya 2000 na 2004 timu ilipata misimu minne ya hasara katika mitano. Novemba 2004 rais wa chuo na viongozi wenzake walikwenda nyumbani kwake kumwomba afikirie kustaafu. Aliwakatalia, wakaondoka. Rais wa chuo kikuu anakwenda nyumbani kwa mwajiriwa wake, anaomba, anakataliwa, anarudi ofisini. Mwaka uliofuata Paterno alishinda mechi 11 na kupoteza 1, na kila aliyemtetea akasema mmeona? Hata mimi ningekuwa shabiki wa Penn State wakati ule ningesema mmeona.

Novemba 2011 msaidizi wake wa zamani, Jerry Sandusky, alishtakiwa kwa kuwadhulumu watoto kingono, na mwaka 2012 alipatikana na hatia katika makosa 45. Ilijulikana kwamba mwaka 2001 Paterno alielezwa na msaidizi wake mwingine alichomwona Sandusky akimfanyia mtoto bafuni. Alipeleka habari kwa wakuu wa chuo. Polisi hawakuitwa. Watoto waliendelea kuumizwa. Bodi ya chuo ikamfuta Paterno kazi Novemba 9, 2011, na wanafunzi wakaingia barabarani usiku ule kumtetea yeye.

Sisemi kwamba kila kocha mzee anaficha uovu. Nasema chuo kilichoshindwa kumwambia kocha hapana kuhusu futiboli mwaka 2004 kilikuwa hakina tena uwezo wa kumwambia mtu yeyote hapana kuhusu jambo lolote linalogusa timu ile. Ushindi wa 2005 haukuliponya hilo. Uliwafanya waone hakuna cha kuponya. Ndiyo maana nasema mwenye kupima kocha kwa ubao wa matokeo peke yake anaweza kukosea kotekote: atamfukuza Solich na atambakiza yule ambaye hakuna awezaye kumgusa.

Wazazi, nizungumze nanyi kidogo. Kazi yangu ya ukalimani imenifikisha kwenye sebule nyingi za watu wetu. Kuna mama mmoja, mzaliwa wa Uvira, Kongo, alimpokea kocha wa chuo ambacho sitakitaja. Alikuwa amepika sombe na samaki. Kocha aliona viatu vyetu mlangoni, akavua vyake bila kuambiwa, akakaa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, akaeleza habari za uwanja, chakula, ufadhili wa masomo. Mama alisikiliza yote bila kuonyesha kitu usoni. Alipomaliza, mama akaniambia: "Mwulize, mwanangu akivunjika goti, nani atanipigia simu?" Kocha akajibu kwamba ni yeye mwenyewe, akatoa simu yake, akamwomba mama namba, akaiandika pale pale. Kijana alitia saini.

Kocha yule alikuwa na miaka mingi pale, na alitimuliwa katikati ya msimu wa pili wa kijana wetu. Kocha mpya alikuja na watu wake. Sina ugomvi na hilo, ndivyo mchezo ulivyo. Lakini hakuna mtu aliyempigia mama simu. Kijana alijua hana nafasi kwa kuona jina lake halipo. Alirudi nyumbani na mabegi mawili, na masomo aliyofaulu hayakukubaliwa yote na chuo alichohamia, ikabidi arudie mengine. Mama aliniita nimsaidie kuipiga ile namba ya kocha wa zamani. Ilipokelewa, na yule bwana alizungumza naye kwa heshima, lakini hakuwa tena na la kumfanyia.

Vijana mnaopiga kelele uwanjani za kutaka kocha aondoke, hamkosei kuwa na uchungu. Tiketi mmelipia, chuo ni chenu. Nawaomba tu mfahamu kwamba anayeondoka na fidia ya mamilioni ni kocha. Texas A&M walipomwondoa Jimbo Fisher Novemba 2023, walikuwa wanadaiwa zaidi ya dola milioni 75 za mkataba wake. Wasaidizi wadogo hawana fidia ya namna hiyo, na mtoto wa Uvira hana fidia kabisa.

Na mambo yamekuwa magumu zaidi kwa makocha wa kizazi cha zamani. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kupata hela kwa kutumia majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vinaweza kuwalipa moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka kwa michezo yote ya chuo. Kuhama nako kumekuwa rahisi. Kocha aliyejenga timu kwa kulea kijana miaka minne anajikuta kila Januari ana nusu ya wageni. Mike Gundy wa Oklahoma State ni mfano ulio hai. Alichezea chuo hicho miaka ya 1980, akawa kocha mkuu 2005, akawapa misimu 18 mfululizo ya ushindi kuwa mwingi kuliko vipigo. Mwaka 2024 timu ikaporomoka: mechi 3 za ushindi, 9 za vipigo, na katika ligi yao ya Big 12 hakushinda hata moja.

Hapo Desemba 2024 ndipo uamuzi ulipotakiwa. Chuo kilimpunguzia mshahara dola milioni moja, hela ikaelekezwa kwa wachezaji, fidia ya kuvunja mkataba ikashushwa hadi dola milioni 15, naye akabadilisha waratibu wake wote wawili. Kwa kipimo changu, aliambilika, na alistahili msimu mzima. Lakini Septemba 2025 walipigwa 69 kwa 3 na Oregon, kisha wakafungwa nyumbani na Tulsa 19 kwa 12, jambo ambalo halikuwa limetokea pale tangu 1951. Septemba 23 akafutwa kazi baada ya mechi tatu tu. Timu ilimaliza msimu na ushindi 1 na vipigo 11. Walichookoa kwa kumwondoa Septemba badala ya Novemba mimi sikijui. Kama hawakumwamini, wangemuaga kwa heshima Desemba, vijana wakajua mapema pa kwenda. Kama walimwamini, mechi tatu haziwezi kuwa zimewafundisha jambo ambalo miaka 20 haikuwafundisha.

Sasa Ferentz wetu ametimiza miaka 70, na mkataba wake unakwenda hadi 2029. Sitaki aondolewe. Nataka chuo kianze leo kuzungumza naye kuhusu atakayemfuata, kwa uwazi, yeye akiwemo chumbani. Nataka kila Januari wachezaji waulizwe na mtu asiyelipwa na timu, na majibu yao yamfikie mkurugenzi wa michezo yakiwa hayajachujwa. Na siku kocha yeyote wa chuo cha umma atakapoondolewa, nataka iandikwe kwenye mkataba wa anayekuja kwamba ufadhili wa masomo wa kila kijana aliyesajiliwa na mtangulizi wake utaheshimiwa hadi ahitimu, acheze au asicheze. Msiniambie bajeti hairuhusu. Chuo chenye dola milioni 15 za kumlipa mtu ili akae nyumbani kina hela ya kumsomesha yule kijana mpaka avae joho.

Asanteni sana.